UBAO ULIOOZA UTOLEWE, USIFUNIKWE!

Ndugu wafanyakazi wa maboti,

Iko amri moja ambayo kila fundi wa pwani hii, toka Shimoni hata Lamu, amekwisha kuisikia: "Piga kiraka, tia rangi, Ijumaa lishuke majini." Tajiri huitoa akiwa amesimama kivulini, funguo za gari zikining'inia kidoleni, na fundi hujibu "Ndiyo, bwana," kwa kuwa ana watoto na karo ya shule. Sisi twasema jibu hilo ligeuke. Ubao uliooza ndani ya boti la faiba usifunikwe. Ukatwe, utolewe, utiwe mpya, na anayeutoa alipwe siku zake zote na apewe vifaa vya kuilinda pumzi yake. Kwa macho ya tajiri hayo ni mambo mawili. Kwetu ni jambo moja.

Kwanza tuuondoe ule uongo wa kwamba boti la faiba haliozi. Faiba yenyewe haiozi, ni kweli. Lakini haya maboti ya zamani ya kuvulia samaki na kuchukua watalii, tunayoyatengeneza kila mwaka, yana mbao ndani ya ile ngozi. Ubao wa tezi, ule unaobeba mashine, ni plaiwudi iliyovikwa faiba mbele na nyuma. Maboriti ya chini, yanayokwenda toka omo hata tezi, ni mbao zilizofunikwa faiba. Sakafu nayo ni plaiwudi. Ondoa mbao hizo na kilichobaki ni ganda tu, linanepa kama boksi lililolowa.

Tena mbao hizo hazionekani. Hapo ndipo jahazi linapolishinda boti la faiba kwa uaminifu. Jahazi hupandishwa pwani, likakalafatiwa, likapakwa sifa na deheni, na fundi akazipiga nyundo mbao zake moja moja. Ubao uliooza wajulikana, hata mtoto aweza kuutia kidole. Boti la faiba huoza likiwa limevaa suti.

Na huanza kuozea wapi? Mara nyingi si baharini, kama wanavyodhani wengi. Ule ukungu unaokula mbao haupendi sana maji ya chumvi. Wapenda maji ya mvua. Kusi likivuma maboti mengi hupandishwa juu, na hapo ndipo masika humwaga, Aprili hata Juni. Boti limekaa yadini bila turubai, kizibo cha ngama hakikutolewa, maji yamejaa ndani wiki baada ya wiki. Yapitia wapi? Yapitia katika tundu la skrubu. Mtu alifunga ngazi au pampu, akatoboa ubao wa tezi, akakaza skrubu kavu bila kuziba. Mbao ikiwa kavu, chini ya unyevu wa asilimia 20, ukungu hauwezi kuila. Ikilowa sana na kukaa hivyo, katika joto letu hili, yaliwa mchana na usiku. Turubai moja lingezuia mengi. Lakini turubai hununuliwa kabla ya hasara, na tajiri wetu hupenda kungoja hasara, kisha aikate katika mshahara wa fundi.

Sasa tutazame kiraka chenyewe. Resini ya kawaida ya polyesta haishiki mbao yenye maji. Hata mbao kavu haiishiki kama epoksi inavyoishika. Ukilaza mkeka wa faiba juu ya ubao uliolowa umeyafungia maji ndani, na chini ya rangi mpya ukungu waendelea na karamu yake. Wako wengine wanaotoboa matundu madogo na kumimina resini nyepesi, wakaiita sindano. Sindano gani hiyo? Mbao iliyojaa maji ni kama sifongo iliyolowa, resini haina pa kuingia. Na nyuzi zilizokwisha kuliwa hazirudishiwi nguvu na dawa yoyote ya kopo. Juu ya ubao huo mwaning'iniza mashine. Mashine ya kisasa ya nguvu za farasi 200 yaweza kuzidi uzito wa kilo 200, na huko hatujahesabu msukumo wake, wala kishindo cha boti likianguka toka kilele cha wimbi hata bondeni.

Ubao huo ukivunjika nje ya mwamba, maji yaingia kwa tezini, na tezi ndiyo yenye uzito. Wa kwanza kulipa si mwenye boti. Ni nahodha na mabaharia wawili, wafanyakazi kama sisi, waliotoka alfajiri bila kujua kilicho nyuma ya ile rangi nyeupe.

Wa pili kulipa ni fundi. Katika yadi moja niliyofanya kazi, ambayo haitatajwa hapa, msimamizi aliamuru tezi ya boti la futi 26 ipigwe kiraka. Fundi alimwambia ubao umelowa. Akaambiwa afanye anachoambiwa. Haikupita miezi mitatu boti likarudi likiburutwa, pembe ya tezi imepasuka toka juu hata chini, na maji ya rangi ya chai yanachuruzika. Bahati njema watu walikuwa salama. Je, nani aliulizwa? Aliulizwa yule fundi. "Kazi yako mbaya." Akakatwa siku nne, kisha akaambiwa asirudi. Amri ilikuwa ya mdomo, na ya mdomo huenda na upepo.

Lakini tuseme tajiri amekubali ubao utolewe. Je, matata yamekwisha? Hapana, ndugu zangu, ndipo huanza mengine. Kulikata boti la faiba kwa grenda ni kujimwagia vumbi la vioo. Huingia shingoni, mikunjoni mwa viwiko, na mtu huenda nalo nyumbani akawawasha hata watoto. Huingia kifuani pia. Na ile harufu ya resini ya polyesta inayowafanya wengine kulewa wakiwa wameinama ndani ya ngama ni ya dawa iitwayo staireni. Mwaka 2018 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, waliihesabu staireni katika vitu ambavyo yaelekea huleta saratani kwa binadamu. Hadna inayotiwa ili resini igande, tone moja likiruka jichoni laweza kulipofusha. Epoksi haina harufu kali, kwa hiyo watu huidharau na kuipaka kwa mikono mitupu, hata siku moja ngozi inaikataa, mikono inavimba na kupasuka, na mtu huyo hawezi tena kuigusa maisha yake yote.

Na tajiri atupa nini? Kitambaa cha karatasi cha kufunga puani! Karatasi hiyo huzuia vumbi kidogo. Mvuke wa staireni waipita kama upepo upitavyo wavu. Kinachotakiwa ni maski ya mpira yenye chujio za mkaa, zibadilishwe zikichoka, pamoja na miwani, glavu, nguo za kazi za kuachwa kazini, na feni ya kuvuta hewa ndani ya boti. Bei yake tukiilinganisha na bei ya mashine moja inayoning'inia kwenye hiyo tezi ni aibu hata kuitaja.

Wala hatuombi hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kazi awape vifaa vya kujikinga wanaofanya kazi na vitu vyenye madhara. Sheria hiyo hiyo yasema mfanyakazi aliyetoka mahali pa kazi kwa kuwa ana sababu ya haki kuamini pana hatari kubwa ya karibu, asifukuzwe wala asiadhibiwe kwa kutoka. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazotimia mwezi asihesabiwe tena kibarua wa kutwa. Wangapi kati yetu wameshinda yadi moja miaka mitano, na kila jioni bado wanaitwa kibarua?

Najua mtakalosema. Mtasema, "Nikikataa, langoni wako kumi wanaongoja." Neno hilo ni la zamani kuliko maboti ya faiba. Makuli wa Mombasa waliambiwa hivyo hivyo, na Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa mji huo wakaweka kazi chini pamoja, watu wa bandari, watu wa reli, hata maboi wa hoteli. Tajiri aliyezoea kuchagua langoni akalikuta lango tupu. Sisi si maelfu. Mafundi wanaojua kutoa ubao wa tezi na kuurudisha ukashika ni wachache, na kwa sababu hiyo hao kumi wa langoni hawatishi kama tunavyoambiwa. Watakuja, watapiga kiraka, na boti litarudi.

Hapa pana neno la uchungu kwetu wenyewe. Wamo mafundi kati yetu wanaomcheka mwenzao anayechukua siku kumi. Huenda kwa tajiri kwa mlango wa nyuma na kusema, "Mimi nitalimaliza kwa siku mbili." Huyo hatufai. Anaishusha bei ya kazi, na anawauza mabaharia ambao huenda mmoja wao ni shemeji yake.

Siku hizo kumi ni za nini? Vijana wasikie, wapate la kumjibu tajiri. Kabla ya yote ubao hupimwa: gonga kwa mpini wa nyundo usikilize panapolia bubu, toa skrubu uone kama maji yatoka, toboa kwa keekee toka ndani, usipite ng'ambo, utazame unga wake. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni mzima. Mweusi, wenye maji na harufu ya uchachu, umeoza. Kisha mashine hushushwa, na boti hushikizwa kwa magogo kila upande lisipoteze umbo. Kama maboriti nayo yameoza, hutolewa moja kwa wakati wake, usiyatoe yote pamoja, kwani ganda litanepa na kugandia hapo, na boti litakwenda kombo milele. Ngozi ya ndani hukatwa, ya nje huachwa. Uozo hukwanguliwa, na hukatwa kupita hapo hata ufikie mbao ngumu kavu, kisha pote hukaushwa. Kukausha hakuna haraka, na hizo ndizo siku ambazo tajiri hataki kuzilipa! Plaiwudi mpya iwe ya baharini, ile yenye alama ya BS 1088, si ile ya kutengenezea kabati. Kingo zake hunyweshwa epoksi kabla ya kuwekwa. Faiba ya zamani husagwa hata mng'ao wake wote utoke, pembe hujazwa mviringo, na mikeka hulazwa kila mmoja ukipita upana wa uliotangulia. Mwisho matundu ya bolti za mashine hutobolewa makubwa kuliko yanavyotakiwa, hujazwa epoksi nzito, kisha hutobolewa tena katikati ya ile epoksi, ili maji yasiuone ubao kamwe. Atakayefanya hayo kwa siku mbili na atuonyeshe.

Basi tuanze hivi. Kabla ya kulishika boti lolote, fundi aandike karatasi: jina la boti, mahali alipopima, alichokiona, na anachoshauri. Msimamizi aandike chini yake, kwa mkono wake mwenyewe, "toa" au "funika," na atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, fundi aandike kwamba amekataa, na mwenzake wa karibu ashuhudie. Nakala moja ibaki kwa fundi, ya pili iletwe kwa katibu wa tawi. Nahodha wa boti hilo naye aonyeshwe kabla halijashuka majini. Na mahali ambapo maski za chujio hazijafika, grenda isiwashwe.