Kigingi cha Tatu

Mkulima atakaye kupanda ua mpakani hukita kigingi pembe hii na kingine pembe ile, kisha huvuta kamba. Hahitaji zaidi, maana kati ya nukta mbili hupita mstari mmoja tu ulionyoka. Euclid, mwalimu wa Iskanderia katika Misri, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliutaja mstari wa kuunga nukta mbili kuwa jambo la kwanza la kukubaliwa katika elimu ya jiometri.

Lakini hapo ndipo penye hatari. Kwa kuwa nukta mbili zo zote huungwa na mstari, vigingi viwili haviwezi kumshitaki mtu. Mwizi akikihamisha kimoja usiku, asubuhi kamba itavutwa tena, nao mpaka utaonekana umenyoka vile vile. Mpaka wa mita 200 ukisogezwa mita 1 tu mwisho mmoja, kipande kinachopotea ni pembetatu ya mita 100 za mraba. Wako waliofikishana barazani kwa kipande kidogo kuliko hicho.

Kigingi cha tatu, kikikitwa katikati siku ile ile ya kupima, huwa shahidi. Nukta tatu hazina lazima ya kulala juu ya mstari mmoja. Hizi zalala kwa sababu zilipangwa. Mwenye shamba na asimame nyuma ya kigingi cha kwanza, afumbe jicho moja: vile viwili vikijificha nyuma yake, hakuna kilichotoka mstarini. Cha mwisho kikisogezwa kando mita 1, cha katikati kitaachana na mstari mpya kwa nusu mita. Hata hivyo shahidi huyu hasemi ni kipi kilichohama, wala hatambui kilichosogezwa mbele au nyuma juu ya mstari wenyewe. Hayo hujulikana kwa kupima urefu.

Na jiwe la pembeni likipotea? Pembe ni nukta moja iliyo katika mipaka miwili. Ikiwa kila mpaka ungali na vigingi viwili vya kuaminika, kamba zivutwe hata zipitane. Mistari miwili tofauti iliyonyoka haikutani zaidi ya mara moja. Pembe ikiwa nyembamba sana, kosa la kidole kimoja hupeleka makutano mbali. Kulirudisha jiwe ni kazi ya mpima ardhi, lakini atakapofika ataonyeshwa mahali pa kuanza kuchimbua.