Unaomba Ufadhili wa Kutafiti Delta? Anza na Swali la Mkulima

Wiki hii naweka pembeni kidogo mambo ya kitalu na palizi. Nataka kuongea na ndugu zetu waliomaliza PhD na sasa wanahangaika na maombi ya ufadhili wa utafiti. Mkulima, usiondoke, sehemu yako ipo na ndiyo kubwa.

Kwa asiyejua, mtu akimaliza PhD safari bado. Yapo mashirika yanayompa fedha kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi, akae kwenye chuo au taasisi chini ya mlezi, afanye utafiti aliouandika mwenyewe. Mpango wa CIRCLE ulioanza 2014 kwa fedha za Uingereza, kwa mfano, uliwapeleka watafiti wachanga wa Kiafrika kwa mwaka mmoja kwenye taasisi nyingine ya Afrika kutafiti mabadiliko ya tabianchi. Umoja wa Ulaya una ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, ambao Mtanzania naye anaruhusiwa kuomba akipata taasisi ya kumpokea. Hapo Zanzibar kuna WIOMSA, wanaotoa fedha za utafiti wa bahari na pwani. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na kinachomtofautisha mtu na mwenzake ni andiko.

Na delta yetu inapendeza sana kwenye andiko. Ina mikoko mingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Afrika Mashariki. Tangu 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kule juu kuna Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Ndiyo maana simu hazikauki: "Afisa, naandika andiko kuhusu Rufiji, nisaidie takwimu za kata."

Takwimu nitatoa. Ila mtu akinipigia siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho, andiko limeshaisha, swali limeshachaguliwa, anachotaka kwangu ni namba za kujazia. Msimamo wangu ni huu: mtafiti anayetaka kuja delta atafute swali huku kwanza, ndipo aandike. Mtasema mwenye stashahada anamfundisha nini mwenye PhD. Simfundishi sayansi. Namweleza mahali anapokuja.

Sababu ya kwanza ni kwamba utafiti unaweza kumgusa mtu na makazi yake. Mikoko ya hapa ni hifadhi tangu enzi za Wajerumani, na mpunga unalimwa humo humo ndani ya delta. Mwaka 2012 jarida la Global Environmental Change lilitoa makala iliyodai kwamba mpango wa kulipia hewa ukaa, huu tunaouita MKUHUMI, ungeweza kutumika kuwaondoa wakulima wa mpunga wa Rufiji. Mwaka 2013, kwenye jarida hilo hilo, wataalamu wengine wakajibu na kuipinga. Siamui hapa nani alikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba mabishano yalihusu watu wa hapa wabaki au waondoke, na yaliandikwa kwa Kiingereza kwenye jarida ambalo mkulima wa Maparoni hawezi kulisoma. Sitetei mtu kufyeka mikoko, sheria ipo na naifahamu. Lakini andiko linalomtaja mkulima kama tishio tangu mstari wa kwanza, kabla hajaulizwa chochote, limeshatoa hukumu kabla ya utafiti kuanza.

Sababu ya pili: swali likitoka huku, hata jibu linakuwa na faida zaidi. Mwaka 2007 ilichapishwa makala kuhusu mafuriko ya Mto Rufiji ambayo kichwa chake kiliuliza kama mafuriko hayo ni balaa au neema. Ukiwa mjini unajibu haraka: balaa. Mkulima wa bondeni anakwambia inategemea. Mafuriko ya kiasi yanaleta udongo wenye rutuba, yanajaza mabwawa samaki, yanasukuma chumvi irudi baharini. Yale ya Aprili 2024 yaliyopiga Rufiji na Kibiti, hayo ni balaa, hakuna anayebisha. Mtafiti aliyewasikiliza watu wa bondeni haandiki "namna ya kuzuia mafuriko". Anaandika "maji kiasi gani, na yaje lini". Huoni kwamba hilo ni swali zuri zaidi hata kisayansi?

Maswali ninayoulizwa mimi kila msimu ni haya. Sasa kwa kuwa maji yanapita bwawani, chumvi itapanda mtoni hadi wapi wakati wa kiangazi? Bamvua ikigongana na mto wenye maji machache, shamba lipi litaharibika kwanza? Mbegu gani itavumilia, maana mche mchanga na mpunga unaotoa maua ndio unaoumizwa zaidi na chumvi? Kaa wanaokata miche wanadhibitiwaje bila sumu inayoua na kamba? Udongo ukibaki nyuma ya bwawa, rutuba yetu itatoka wapi? Ndugu mtafiti, yapo matano hapo, na kila moja linatosha andiko zima. Mimi sina majibu yake kamili, ndiyo maana nakuhitaji.

Sasa ushauri wa kazi.

Kwanza, angalia kalenda. Ufadhili wa mwaka mmoja ni msimu mmoja tu wa mpunga. Ukifika Juni, utakuta watu wanavuna, halafu utakaa hadi mvua zirudi. Na msimu huo mmoja ukisombwa na maji, umebaki mikono mitupu. Kama mfadhili anaruhusu miaka miwili, omba miwili. Ratiba ya kupima maji ifuate mwezi, maana chumvi ya wakati wa bamvua siyo ya maji mafu.

Pili, bajeti iseme ukweli. Huku usafiri ni boti na mtumbwi, mafuta ni ghali, na maji yakipwa unasubiri. Weka posho ya wenyeji watakaopima na kuandika kila siku wakati wewe uko chuoni. Na majina yao yaonekane kwenye kazi, wasiishie kwenye risiti.

Tatu, taratibu. Anayetoka nje ya nchi lazima apate kibali cha COSTECH. Wote, wa nje na wa ndani, mnapita halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha serikali ya kijiji. Msiruke kijiji.

Nne, tenga fedha za kurudi. Siku moja ya mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, na karatasi mbili za matokeo zibaki ofisi ya kijiji. Kwenye bajeti nzima hiyo ni fedha ndogo mno, lakini ndiyo inayofanya mtafiti wa baadaye apokelewe vizuri. Watu wamechoka kujaza madodoso wasijue yameishia wapi.

Najua mtaniambia: afisa, nauli ya kuja Nyamisati kabla sijapata ufadhili naitoa wapi, na wengine hatuna ajira? Hoja hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana siombi uje, naomba upige simu mapema. Miezi mitatu kabla siyo siku tatu. Mtendaji ana simu, mimi nina simu, wazee wana simu na wanapenda kuongea. Nusu saa na mzee aliyelima delta miaka arobaini itabadilisha ukurasa wako wa kwanza.

Na wewe mkulima, usikae kusubiri kuulizwa. Napendekeza kila kijiji cha kata yetu kiwe na daftari la maswali. Mkutano mkuu wa kijiji ukikaa, ongezeni ajenda moja: ni jambo gani shambani au mtoni tunaliona na hatulielewi? Mtendaji aandike, na tarehe. Mgeni akija na dodoso lake apokelewe vizuri, kisha afunguliwe daftari: haya ndiyo ya kwetu, utatusaidia lipi? Nipo tayari kuanza na kijiji chochote kitakachonialika.

Na kama una mtoto au mjukuu aliyefika SUA au Mlimani na anaelekea PhD, msomee hilo daftari. Mtoto wa delta anajua bamvua ni nini bila kufundishwa. Akiomba ufadhili, aombe akiwa na swali la kwao.

Wiki ijayo tunarudi kwenye kitalu. Kazi njema.