Kilatini ndani ya karatasi za shamba Bunia

Mtu wa Bunia akipata shamba, anatoa feza mbele ya mashahidi, kisha anaweka sahihi kwenye karatasi ya Kifaransa. Ndani yake kuna maneno ambayo hata Mfaransa wa kawaida hayatumii: emphytéose, usufruit, superficie. Yametoka katika sheria za Waroma wa zamani, lile la kwanza likipitia kwanza Ugiriki.

Si mapambo. Usufruit ni usus na fructus, kutumia na kuvuna. Kuna la tatu, abusus, yaani kutenda utakavyo, hata kuuza. Hilo la tatu, kwa udongo, raia wa Kongo hana: kifungu cha 53 cha sheria ya 20 Julai 1973 kinasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Emphytéose nayo haipiti miaka 25 bila kuombwa upya. Wangapi waliambiwa hivyo siku ya sahihi?

Lakini neno la hatari zaidi ni dogo: inculte, kutoka incultus, pasipolimwa. Emphytéose hutolewa juu ya ardhi ya namna hiyo. Nani anaamua kwamba hapalimwi? Shamba lililopumzishwa, malisho ya ng'ombe, pori la kuni na dawa: kwa mzee wa Djugu au Irumu, vyote vina wenyewe. Kwa karatasi ni patupu. Mchezo huu ni wa tangu 1 Julai 1885, utawala wa Leopold II ulipoamuru kwamba ardhi "vacantes" (Kilatini tena) ni za Serikali.

Halafu sertifika ikitimiza miaka miwili, kifungu cha 227 kinaikinga. Anayelalamika anabaki kudai fidia tu, na mwanakijiji anaweza kujua habari siku anapoona borne zimesimikwa. Ugomvi wa mipaka ya konsesyo huko Djugu ulikuwa kati ya vyanzo vya vita vya 1999. Watu walikufa, na karatasi zilikuwa na mihuri yote.

Sheria hiyohiyo inadai uchunguzi kijijini kabla ya konsesyo kutolewa. Basi uchunguzi huo ufanyike barazani, si ofisini, na konsevateri asome hati nzima kwa Kiswahili, lugha ya taifa kwa Katiba ya 2006, neno kwa neno, mbele ya majirani wa shamba, kabla kalamu haijashikwa.