Karibu Bila Jembe

Toleo hili tulikusudia kulijaza habari za mkutano mkuu wa jumuiya yetu, ule uliohudhuriwa na viongozi, wake za viongozi, na vijana wawili waliokuja kuwachukua mama zao kwa gari. Tumeona hauna habari. Badala yake tutaandika juu ya Wayahudi wa Pittsburgh, na tunaomba atakayeudhika asome mpaka mwisho ndipo aturushie mawe, maana tunayo hoja na jumuiya yetu, na hatukupata njia fupi zaidi ya kuifikia.

Sisi tuishio Pennsylvania tunaujua mji wa Pittsburgh kwa mambo mawili: chuma na milima. Wachache wanajua kwamba upo mtaa wa Squirrel Hill ambao kwa vizazi vingi umekuwa makao ya Wayahudi, na kwamba miongoni mwa masinagogi ya huko kuna jamaa wanaojiita Dor Hadash, maana yake kizazi kipya. Jamaa hao walianza mwaka 1963. Wanafuata mkondo uliotokana na mafundisho ya Rabi Mordecai Kaplan wa New York, aliyesema kwamba dini ya Kiyahudi ni maisha ya umma mzima, wala si mali ya marabi peke yao. Na Dor Hadash waliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Kwa miongo mingi hawakuwa na rabi wa kuajiriwa. Hakuna aliyelipwa ili asali kwa niaba ya wengine.

Nani basi aliyeongoza? Mwanachama. Wiki hii mwalimu wa shule, wiki ijayo daktari, wiki ya tatu bibi aliyestaafu kazi. Na msidhani ni jambo jepesi. Torati isomwayo sinagogini imeandikwa kwa mkono juu ya ngozi, haina irabu wala alama za mahadhi. Sisi tuliopitia chuoni tunaelewa maana yake: ni kama kupewa msahafu usio na fat'ha wala kasra, mbele ya watu, nao wote wameshika vitabu vyenye irabu wakikufuatilia neno kwa neno. Ukikosea unasahihishwa hapo hapo kwa sauti. Mtu hujiandaa kwa wiki kadhaa kwa ajili ya aya chache. Kisha kuna wa kufundisha watoto, wa kupika, wa kwenda kumwona mgonjwa, wa kuosha vyombo. Kazi ni nyingi kuliko watu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Tukiwaeleza wenzetu habari hizi hutujibu, "Wale wana fedha." Jibu hilo limetuchosha. Fedha haijampa mtu yeyote hamu ya kuosha masufuria. Na Wayahudi wenyewe hulalamika, tena kwa uchungu, kwamba Marekani imejaa masinagogi ambamo mwanachama hulipa ada ya mwaka, hupata kiti chake siku kuu za mwaka mpya na Yom Kippur, humleta mwanawe mpaka afikie umri wa kusoma Torati mbele ya watu, baada ya hapo baba, mama na mtoto hawaonekani tena. Ada ikishalipwa, mtu huona amemaliza wajibu wake. Maradhi hayo ndiyo yetu, ila sisi hata ada hatulipi. Kwa hiyo hatuwasifu Wayahudi kwa kuwa ni Wayahudi. Tunasifu namna moja ya kukaa pamoja, ambayo wao pia huipata kwa kuihangaikia.

Tazameni jambo lao la watu kumi. Kwa sheria yao kuna sala zisizoweza kusaliwa mpaka wapatikane watu wazima kumi, idadi waiitayo minyani. Mojawapo ni Kadishi, sala ambayo mtoto humsalia mzazi wake aliyefariki, kwa muda wa miezi kumi na moja. Wakiwa tisa, mfiwa hukaa kimya. Fikirini uzito wa jambo hilo asubuhi ya baridi, theluji imefika magotini, nawe kitandani unajua kwamba ukilala wewe, mwenzako hatamwombea mama yake. Hakuna katibu atakayekupigia simu kukukumbusha wajibu wako. Hesabu yenyewe inakuita.

Lakini nani anahesabika? Hapo ndipo penye vita, na vita hiyo wameipigana miaka mia. Waliofuata desturi ya kale huhesabu wanaume tu, na wangali wengi hata leo. Mwaka 1922 Kaplan alimsimamisha binti yake Judith, mwenye umri wa miaka 12, asome mbele ya watu kama wavulana wasomavyo. Mwaka 1973 kamati ya sheria ya mkondo mwingine mkubwa wa Marekani, ule wa kati, ikaruhusu wanawake wahesabiwe katika kumi. Mwaka 1984 chuo cha marabi cha mkondo wa Kaplan, kilichoko karibu na Philadelphia, kikaamua kuwapokea wanafunzi wasioficha kwamba ni wanaume wapendao wanaume au wanawake wapendao wanawake.

Hapa baadhi yenu mmekunja uso. Kunjeni. Hatukuja kutoa fatwa, na wala kwenye kamati yetu ya uhariri hatukubaliani sote juu ya jambo hilo. Tunachotaka mkione ni namna walivyofungua. Hawakusema, "Njooni, tuna moyo mpana, viti vya nyuma viko wazi." Walisema, "Tuko tisa. Wewe ni wa kumi. Simama usome." Walipomkubali mtu, walimkubali kazini. Mtu anaweza kubisha kwamba hawakupaswa kumkubali fulani, na mabishano hayo yana heshima yake. Mtu asiyestahili heshima ni yule amkaribishaye mwenzake kwa mdomo, kisha akamweka baraza ya nje miaka kumi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumezoea kuitumia methali hiyo kumcheka mgeni asiyejua kuondoka. Tunadai tumeielewa kichwa chini miguu juu. Jembe ndilo limwondolealo mtu ugeni. Akishalima shamba lenu, ana neno katika mavuno, na hakuna wa kumwambia arudi alikotoka. Ndiyo maana bahili wa madaraka hatoi jembe. Hutoa sahani ya pilau.

Wamekuja kwetu ndugu kutoka Bukavu, Uvira na Kalemie, wazungumzaji wa Kiswahili tangu utotoni, waliokaa kambini miaka mingi kabla ya kufika hapa. Tumewapokeaje? Tumewacheka matamshi. Wengine ni mwaka wa sita sasa, na bado kwenye daftari la jumuiya wameandikwa "wanachama waalikwa", neno ambalo halimo katika lugha ya mtu yeyote mwenye akili: mwalikwa hatozwi ada, nao wanatozwa. Wanawake wetu tumewapa jikoni, na tukawapigia makofi kila sherehe, lakini mweka hazina hajawahi kuwa mwanamke, ingawa kila mchango wa msiba unakusanywa na wao. Na vijana waliozaliwa hapa wakifungua kinywa kusema Kiswahili chenye makosa, ukumbi mzima unacheka. Kisha tunaandika barua ndefu kulaumu vijana waliopotea! Dor Hadash wangemwambia kijana yule: wiki ijayo soma wewe, nasi tutakusahihisha kwa sauti. Kusahihishwa na kuchekwa ni vitu viwili.

Tunakuja sasa kwenye hoja nzito ya wapinzani wetu, nayo hatutaikwepa. Watatuambia: hao waliofungua milango, wamepata nini?

Ni kweli. Jumamosi ya tarehe 27 Oktoba 2018, kabla ya saa nne asubuhi, mtu mwenye bunduki aliingia katika jengo la Tree of Life, Squirrel Hill, ambamo jamaa watatu walikuwa wakisali, kila mmoja katika ukumbi wake: Tree of Life wenyewe, New Light, na Dor Hadash. Aliua watu 11. Mdogo wao alikuwa na miaka 54, mkubwa 97. Waliokufa ni wale wa kuwahi, ambao kila Jumamosi hufika kabla ya wengine. Dor Hadash walimpoteza daktari mmoja. Na Tree of Life walipoteza, pamoja na wengine, ndugu wawili wa tumbo moja, wenye ulemavu wa akili, ambao kazi yao ilikuwa kuwapokea na kuwasalimu watu waingiapo. Tusimame hapo kidogo. Kwetu watu wa namna hiyo hufichwa chumba cha ndani wageni wakija. Wale walipewa mlango.

Muuaji mwenyewe alieleza chuki yake. Alilitaja shirika la HIAS, lililoanza New York mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuwasaidia Wayahudi waliokimbia mateso, na ambalo leo husaidia wakimbizi wa kila dini, na lilianza kazi Nairobi mwaka 2002. Wiki iliyotangulia masinagogi mengi ya Marekani yalikuwa na Sabato ya wakimbizi, na Dor Hadash walikuwa miongoni mwao. Nani hao wakimbizi? Pittsburgh shirika la Kiyahudi la mji huo, likishirikiana na HIAS, limewatafutia nyumba na kazi Wabhutani, Wasyria, na Wakongo. Wakongo, ndugu zetu! Wale wale tuliowaandika "waalikwa". Watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili waliwabebea magodoro mpaka ghorofa ya tatu, na kwa sababu ya kazi hiyo wakachukiwa hadi kuuawa.

Tena hoja ya wapinzani ina mfano wa pili, tuuweke mezani sisi wenyewe. Januari 2022, Colleyville, Texas, rabi alimfungulia mtu asiyemjua siku ya baridi, akamchemshia chai. Mtu yule akatoa bastola, akawashika yeye na watu wengine watatu kwa saa nyingi. Wote walitoka hai, rabi akiwa amemrushia kiti ili wakimbie. Baada ya mambo hayo masinagogi yaliongeza walinzi na kamera, na nani atawalaumu? Ila mlinzi naye huleta balaa lake: Wayahudi weusi wa Marekani wameeleza mara nyingi jinsi wanavyosimamishwa mlangoni na kuulizwa wamemfuata nani, kana kwamba mtu mweusi hufika pale kufagia tu. Kibao cha "Wote Mnakaribishwa" kiko juu ya kichwa cha mlinzi huyo huyo. Kwa hiyo hata kule kazi haijaisha, na wapo wanaoidai iishe.

Lakini mtu asemaye "wangejifungia wasingepatwa" hajui historia ya Wayahudi. Walijifungia karne nyingi, na wakafuatwa huko huko ndani. La kuangalia ni nini kilitokea baada ya risasi. Watu wa kujitolea walikesha na maiti, zamu kwa zamu, wasiachwe peke yao mpaka wazikwe, kwa maana Wayahudi, kama Waislamu, huosha maiti kwa mikono yao wenyewe na kuivika sanda nyeupe, tajiri na maskini sawasawa. Waislamu wa Pittsburgh na wenzao nchini walichanga zaidi ya dola 200,000 kwa ajili ya wafiwa. Na serikali ilipotaka hukumu ya kifo, Dor Hadash waliandika kuiomba imwache muuaji afungwe maisha. Familia nyingi za waliouawa hazikukubaliana nao, zikasema hivyo hadharani, na mwaka 2023 mahakama ikamhukumu kifo. Tunalitaja si kwa kuchagua upande. Tunalitaja kwa sababu katika jumuiya yetu mwanachama akimpinga mwenyekiti juu ya bei ya ukumbi, huambiwa anavunja umoja.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimekwisha kupangiwa safari zikabaki kambini. Baadhi ni mama na kaka za hao waalikwa wetu. Swali la nani amehesabiwa, na nani amealikwa tu, limeingia nyumbani kwa watu. Hatuwezi kulijibu kwa pilau.

Basi tunaleta hoja katika kikao kijacho, na tunaomba ichapwe kwenye ajenda bila kupunguzwa. Neno "mwalikwa" lifutwe katika katiba. Kila anayelipa ada apige kura na agombee. Kikundi cha kuosha na kuandaa maiti, kwa Waislamu na kwa Wakristo, kiwe na vijana wanne wanaofundishwa na wazee wetu kabla wazee hao hawajamalizika. Risala ya ufunguzi isomwe kila mara na mtu ambaye hajawahi kuisoma, na wa kwanza atoke Kalemie.

Fomu za kugombea ziko kwa katibu. Mpaka tunapeleka ukurasa huu mitamboni zilikuwa zimechukuliwa mbili, zote na waliomo madarakani.