Bango Moja Miongoni mwa Maelfu

Kuna kipimo kimoja cha demokrasia ya vyama vingi ambacho hakihitaji waangalizi wa kigeni wala masanduku ya kura. Mchukue mwananchi mmoja asiye na silaha, mpe kipande cha karatasi ngumu alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe, kisha umsimamishe katikati ya mkutano wa kampeni wa chama anachokipinga. Akirudi kwake jioni akiwa mzima, nchi hiyo ina vyama vingi. Akirudi kupitia hospitalini au korokoroni, basi vyama hivyo vingi vimo katika daftari la msajili tu, na fikra za chama kimoja bado zinatutawala sote, watawala na wapinzani.

Vijana waliozaliwa baada ya 1991 huenda wasielewe kwa nini jambo hili linatukera kiasi hiki. Inafaa wakumbushwe. Mwaka wa 1982 Bunge liliingiza kifungu cha 2A katika Katiba, na KANU ikawa chama cha pekee kwa mujibu wa sheria. Tarehe 7 Julai 1990, wananchi waliotaka kukusanyika Kamukunji, jijini Nairobi, kudai vyama vingi walikabiliwa kwa marungu, vitoa machozi na risasi, huku Kenneth Matiba na Charles Rubia wakiwa tayari wamewekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Tarehe 16 Novemba 1991 FORD ilipojaribu tena kufanya mkutano katika uwanja uo huo, viongozi wake walitiwa mbaroni. Mwezi uliofuata kifungu kile kikafutwa.

Kufutwa kwa kifungu, hata hivyo, hakukufuta mazoea. Katika uchaguzi wa 1992 sehemu za Bonde la Ufa zilitangazwa kuwa maeneo ya KANU pekee, na wapinzani wakazuiwa kufanya kampeni huko. Hadi 1997 mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali. Ni marekebisho ya mwaka huo yaliyoiondoa leseni na kuacha sharti la kuwaarifu polisi tu. Leo hakuna Mkuu wa Wilaya anayeweza kutangaza kwamba wilaya nzima ni mali ya chama fulani. Lakini ile kauli ya “hapa ni kwetu” haikufa. Imeteremka tu kutoka wilayani hadi uwanjani, na sasa inatamkwa na kijana mwenye fulana ya chama anapomwona mtu mwenye bango lisilomsifu mgombea wake.

Sheria inasemaje juu ya mtu huyo? Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kusimama kwa kupinga na kuwasilisha maombi kwa wenye mamlaka, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Msomaji aangalie maneno hayo mawili: kila mtu. Katiba haikusema kila chama, wala kila kundi. Nayo Sheria ya Utulivu wa Umma, sura ya 56, inayodai taarifa ya siku tatu kabla ya mkutano au maandamano, inapoeleza mkusanyiko wa umma ni nini, huanza kuhesabu watu kuanzia kumi. Mtu mmoja si mkusanyiko. Ofisa wa polisi anayemwuliza mtu aliyesimama peke yake, “Kibali chako kiko wapi?” anadai karatasi ambayo sheria yenyewe haiijui.

Hayo ndiyo maandishi. Matendo ni mengine. Miaka kadhaa iliyopita nilimtetea mahakamani fundi cherehani mmoja ambaye, kwa ridhaa yake, naeleza kisa chake bila kumtaja jina, wala kukitaja chama kilichohusika. Mgombea aliyekuwa ameahidi maji katika kampeni iliyotangulia alikuja tena katika soko la mji wao kuomba kura. Fundi akasimama pembeni mwa uwanja na bango lenye maneno matano: Maji ya bomba yako wapi? Hakupiga kelele. Hakusogea jukwaani. Vijana wa mgombea walimnyang'anya bango, wakalirarua na kumwangusha chini kwa mateke. Polisi walipofika walimwinua, wakamtia ndani ya gari, na kesho yake akasomewa shtaka la kuzua fujo kwa namna inayoweza kuvunja amani, chini ya kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu. Waliompiga hawakushtakiwa, ingawa walikuwa wamevaa sare ya chama mchana kweupe. Kesi iliahirishwa mara kwa mara kwa muda wa mwaka mzima, kisha ikaondolewa kwa kukosa mashahidi. Katika mwaka huo fundi alikuwa akifunga kibanda chake kila alipoitwa kortini, na wateja wake wakahamia kwingine. Siku moja tukiwa barazani mwa mahakama aliniuliza, “Bwana wakili, kama kosa ni fujo, mbona aliyekamatwa ni yule aliyekuwa amenyamaza?”

Swali hilo lilikwisha kujibiwa kitambo. Mwaka wa 1882, katika kesi ya Beatty dhidi ya Gillbanks, mahakama ya Uingereza iliwaamua wafuasi wa Jeshi la Wokovu waliokuwa wakiandamana kwa amani katika mji wa Weston-super-Mare, huku kundi la wapinzani wao likiwavamia kila mara. Mahakimu wa pale walikuwa wamewabana waandamanaji, kwa hoja kwamba wasingetoka nje pasingekuwa na ghasia. Mahakama ya juu ilikataa hoja hiyo: mtu anayefanya jambo la halali hageuki mhalifu eti kwa sababu mwingine amekasirika na kuamua kutenda uhalifu. Zaidi ya miaka mia moja na arobaini baadaye, bado kuna vituo vya polisi nchini mwetu vinavyoiona hasira ya anayepiga kuwa ushahidi dhidi ya aliyepigwa.

Wapo watakaosema, na wengine wao ni marafiki zangu, “Kwani hana chama chake? Aende akapige kelele kwao.” Kauli hii ina sura ya busara, lakini haina mantiki. Mgombea haombi kura za wafuasi wake pekee. Anaomba mamlaka juu ya watu wote wa eneo, na kodi atakazozitumia ni za wote. Uwanja anaohutubia mara nyingi ni wa umma: uwanja wa michezo wa kaunti, soko, kiwanja cha shule. Akiukodi ukumbi wa watu binafsi, basi mwenye ukumbi ana haki ya kumwomba asiyealikwa atoke, lakini haki ya kumwonyesha mlango haina ndani yake haki ya kumvunja mbavu. Tena, kuubeba upinzani wako hadi kwa watu wanaofikiri kama wewe ni kuhubiria waliokwisha kuongoka. Swali la maji lina maana linapoulizwa mbele ya yule aliyeahidi maji.

Wengine husema kwamba mtu wa namna hiyo ametumwa, kwamba amelipwa ili apigwe na picha zitoke magazetini. Huenda mmoja katika kumi ametumwa kweli. Lakini mkimpiga, aliyemtuma amepata alichokilipia. Mkimwacha asimame na bango lake hadi mkutano umalizike, fedha za bwana wake zimekwenda bure. Na yule asiyetumwa na mtu, anayesukumwa na dhamiri yake tu, atakuwa amesikika.

Sitaki nieleweke kana kwamba natetea uvurugaji wa mikutano. Anayehutubia naye ana haki, na waliokuja kumsikiliza wana haki ya kumsikia. Kifungu cha 33 cha Katiba hakilindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Kuleta lori la vijana wenye filimbi na mawe ili mgombea asisikike ni uhuni, nao hauwi mageuzi kwa kuwa umefanywa na wanamageuzi. Hapa ndipo hali ya mtu mmoja inapotofautiana na ya kundi. Mmoja hawezi kuizima sauti ya maelfu. Hawezi kuuzingira umati wala kuufukuza. Upweke wake ndio dhamana ya amani yake.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na mara nyingi methali hii hutumiwa kumkatisha tamaa anayetaka kusimama peke yake. Nami nauliza: ikiwa kidole kimoja hakina nguvu, mbona jukwaa zima hutetemeka kinapoinuliwa? Mwaka wa 2009, katika sherehe ya kitaifa kwenye Uwanja wa Nyayo, mpiga picha Boniface Mwangi alisimama peke yake na kumpigia kelele Rais Kibaki, baada ya kuyashuhudia kupitia kamera yake mauaji yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Alipigwa na kukamatwa. Ule haukuwa mkutano wa chama, lakini funzo ni lile lile: dola yenye jeshi na polisi ilishindwa kuistahimili sauti ya mtu mmoja kwa dakika chache.

Sasa nije nyumbani kwetu, kwa maana ni rahisi kuhesabu dhambi za watawala. Sisi tunaojiita wanamageuzi tumefanya nini pale mfuasi wa chama tawala alipoingia katika mikutano yetu na bango lake? Tuseme kweli. Nasi tuna vijana wetu, nasi tumewahi kucheka jukwaani wakati mtu akiburutwa nje, tukasema “amejitakia”. Kifungu cha 91 cha Katiba kinakikataza chama chochote kutumia ghasia au vitisho dhidi ya wapinzani wake, au kuzichochea, na hakikutoa msamaha kwa vyama vyenye nia njema. Tutakapodai haki ya fundi cherehani aliyepigwa na wafuasi wa serikali, tutaulizwa tulimtendea nini fundi wa upande wa pili. Tuwe na jibu.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne. Kwanza, mwenyekiti wa kila mkutano wetu autangazie umati, kabla ya hotuba ya kwanza, kwamba mpinzani aliye mtulivu ni mgeni wetu na asiguswe. Pili, walinzi wa mkutano waelezwe kuwa kazi yao anapotokea mtu wa namna hiyo ni kusimama kati yake na wenye hasira, nyuso zao zikiwaelekea wenye hasira. Tatu, chama kinapompelekea mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya mkutano, kimwombe kwa maandishi awakamate wanaoinua mkono, wala si wanaoinua bango. Nne, mawakili walio katika harakati hizi wajitolee kumtetea bila malipo yeyote atakayekamatwa kwa kupinga kwa amani, hata kama bango lake lilikuwa likitutukana sisi.

Kuhusu hilo la nne, nimekwisha kuwajulisha viongozi wetu wa tawi. Mfuasi wa chama tawala akikamatwa katika mkutano wetu ujao kwa kosa la kusimama na bango, mimi ndimi nitakayekwenda kituoni usiku huo kumwekea dhamana. Wapo waliokunja nyuso. Nawasihi wakunjue, wakaisome Katiba tuliyoililia kwa miaka mingi, kisha wamtafutie mgeni huyo nafasi mbele, mahali ambapo mgombea wetu ataweza kulisoma bango lake na kulijibu.