Riwaya haiandikwi na kikundi

Mwezi uliopita alinijia ofisini mwanafunzi wangu wa zamani. Aliniamkia, akaketi, kisha akatoa mkobani kaunta buku nne zilizofungwa kwa mpira. "Mwalimu, ile riwaya nimeimaliza," alisema. Nilikuwa nimekwisha kuisahau. Alipokuwa mwaka wa tatu aliwahi kuniambia kwamba anataka kuandika, nami nikamjibu kama tunavyowajibu wote: andika tu. Ni jibu rahisi, kwa kuwa halimgharimu chochote anayelitoa.

Nilipofungua kaunta buku ya kwanza nilidhani amekosea mzigo. Kurasa za mbele zimejaa namba za simu, viasi vya fedha na saa. Riwaya inaanzia nyuma, daftari likiwa limegeuzwa juu chini. Asubuhi binti huyu anafundisha kwa kujitolea katika shule ya sekondari, akisubiri ajira ya serikali ambayo kila majina yanapotoka, lake halimo. Jioni anakaa katika kibanda cha shangazi yake huko Mbagala, akitoa na kupokea pesa za simu. Hapo ndipo anapoandikia, kati ya mteja mmoja na mwingine. Upo ukurasa ambamo mhusika anaanza kumwomba mumewe radhi, na kabla hajamaliza sentensi umeingia muamala wa shilingi 15,000. Radhi inaendelea chini yake.

Nilimwuliza ni nani waliomfundisha kuandika. Nakiri nilitarajia ataje orodha ya kozi yangu. Yeye akaanza na Elvis Musiba: vitabu vya Willy Gamba alivyovikuta nyumbani kwa mjomba wake, vikiwa havina jalada wala kurasa za mwisho, hata akiwa na umri wa miaka 12 akalazimika kuvibunia miisho yeye mwenyewe. Baadaye akaisoma Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971 na kuwahi kupigwa marufuku shuleni, akastaajabu kwamba mwanamume alithubutu kuyaweka kitabuni mambo ambayo wanawake wa nyumbani kwao waliyanong'ona tu. Kwa Adam Shafi alijifunza kuwaachia wahusika waseme wenyewe. "Lakini, mwalimu, kibanda kimenifundisha zaidi." Anamjua, alisema, mtu anayemtumia mama yake fedha na kuongeza ya kutolea, na anamjua anayetuma kiasi kilekile bila nyongeza, hali akifahamu kwamba mama atakatwa siku atakapokwenda kutoa. Kwa hilo peke yake anaweza kuandika sura nzima juu ya ndugu wawili. Ameiandika. Ni sura ya sita, na sikumbuki mhadhara wangu wowote kuhusu ujenzi wa wahusika ulioifikia.

Katika makongamano yetu hupenda kusikika hoja kwamba dhiki humkomaza mwandishi. Hutajwa Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944, na bado akaturithisha hazina tunayoila hadi leo. Mfano huo hauthibitishi kinachodaiwa. Shaaban Robert alikuwa na ajira. Mshahara ulikuwa wa kikoloni na haba, lakini ulikuwapo, na ofisi ilifungwa. Ninyi watumishi wa umma mnaonisoma hapa mnaijua thamani ya ofisi inayofungwa jioni. Kijana ninayemzungumzia hana jioni. Isitoshe, katika hoja hiyo tunawahesabu waliofika tu. Walioishia njiani hawana kitabu cha kuwatetea, basi tunasema hawakuwa na kipaji.

Alikwenda katika halmashauri moja kuulizia mikopo ya asilimia kumi inayotengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Alijibiwa, tena kwa upole, kwamba waje kama kikundi, wakiwa na mradi unaoeleweka: kuku, sabuni, ushonaji. Simlaumu ofisa yule. Alifuata mwongozo alioukuta. Ila riwaya haiandikwi na kikundi, na katika fomu ile hapakuwa na mahali pa kuijaza. Mchapishaji mmoja naye alimtaka agharimie uchapaji mwenyewe, kwa fedha zinazozidi kipato chake cha mwaka mzima, kisha nakala akaziuze mwenyewe. Kazi ya mchapishaji katika mpango huo sijaifahamu mpaka leo.

Hata hivyo, nisiwe mwepesi wa kuwanyooshea wengine kidole. Nje ya geti la kila chuo ninachokijua pana duka la stesheneri linalotoa fotokopi za riwaya nzima na kuzifunga vizuri. Nani anayepeleka pale kitabu cha kwanza? Ni sisi wahadhiri. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi, nikiwaambia wanafunzi, "Kachukueni nakala pale chini." Darasa la watu 200 husoma riwaya moja na mwandishi akapata mrabaha wa nakala moja, yaani ile yangu, kama kweli niliinunua. Kisha kila tarehe 7 Julai tunavaa fulana za Siku ya Kiswahili Duniani na kuhutubiana juu ya lugha ambayo UNESCO iliitengea siku yake mwaka 2021.

Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, ni hatua njema na ninaiunga mkono. Lakini tuzo humfikia aliyekwisha kuvuka mto. Kinachokosekana ni mnunuzi wa uhakika. Norwei, ambayo lugha yake haina hata sehemu ya kumi ya wasemaji wa Kiswahili, tangu 1965 hununua kwa fedha za umma nakala za kazi mpya za fasihi na kuzisambaza katika maktaba. Sisi tunayo Maktaba Kuu pale Dar es Salaam tangu 1967, tunazo maktaba za mikoa, tunazo shule za kata. Tuseme serikali inajifunga kununua nakala 500 za kila riwaya ya Kiswahili iliyopitishwa na jopo la wahakiki. Kwa bei ya shilingi 10,000 kwa nakala, hiyo ni milioni 5 kwa riwaya moja. Riwaya 40 kwa mwaka ni milioni 200. Wasomaji wangu walioko wizarani walinganishe kiasi hicho na posho za makongamano ya Kiswahili, yakiwemo yale ninayoalikwa mimi.

Kwa upande wangu, muhula huu sikupeleka kitabu stesheneri. Niliagiza nakala halali, na wanafunzi wanachangiana, watano kwa kitabu kimoja. Wamelalamika, nao wana haki ya kulalamika. Fedha yao ya kujikimu naijua.

Siku ile nilimwomba binti yule aniachie kaunta buku zake nizisome kwa utulivu. Akasita. Ya nne, ambamo hadithi inaishia, ilikuwa na miamala ya wiki ile, na shangazi angeihitaji jioni kufungia hesabu. Aliniachia tatu. Ya nne ameniahidi atakaponunua nyingine.