Kishikwambi cha Bei Nafuu: Tusinunue Maneno ya Sanduku

Na Karani wa Afisi ya Ukulima

Wakulima wengi wa skimu yetu huja afisini wakiuliza swali moja: "Karani, ninunue kishikwambi gani?" Wengine hukiita tableti, na wengine husema tu "ile simu kubwa." Wote wana fedha kidogo, na wote wataka kifaa cha kazi mbili, yaani kutazama video za ukulima na kusoma karatasi zinazotumwa na afisi kwa njia ya simu. Mimi si fundi. Nilisomea ualimu, na kazi yangu ya sasa ni kuandika barua na kutunza faili. Lakini karatasi nyingi mnazopata hupita mikononi mwangu, na nimeona vishikwambi vingi vikishindwa kuzifungua, pamoja na kile nilichonunua mimi mwenyewe. Kwa hiyo nina maoni, nami nayasema waziwazi: mwenye fedha kidogo na azitumie kwa kioo na betri, na sifa nyingine nyingi zilizoandikwa juu ya sanduku aziache dukani.

Wako wasemao kwamba simu yatosha. Simu yatosha kwa mtu mmoja aliye peke yake. Lakini ukulima wa ploti zetu si kazi ya mtu mmoja. Bwana huenda mkutanoni, naye mama ndiye akamuaye ng'ombe, na kijana wa kazi ndiye achimbaye viazi. Yule aliyetazama video hurudi akaeleza kwa maneno, na maneno hupungua njiani. Wazee wetu wasimulia jinsi gari la sinema la Serikali lilivyokuja zamani, watu wakakaa pamoja kutazama picha za ukulima juu ya shuka jeupe. Faida yake ilikuwa hiyo: aliyefanya kazi aliona kwa macho yake. Kishikwambi kikisimamishwa mezani huweza kutazamwa na watu wanne au watano. Simu haiwezi.

Chukueni mfano wa mnyauko wa bakteria katika viazi, ambao huku kwetu Kinangop wajulikana na kila mtu. Hakuna dawa ya kupulizia iuponyayo. Njia ni mbegu safi, kubadilisha mazao na kung'oa mmea mgonjwa. Lakini kwanza ni lazima ujue kama mmea wanyauka kwa sababu ya bakteria au kwa sababu nyingine. Njia ya kupima ni rahisi. Ukate kipande cha shina karibu na udongo, ukitumbukize kwa upande mmoja katika glasi ya maji safi, ungoje dakika chache. Kama ni bakteria, nyuzi nyembamba nyeupe kama maziwa hushuka kutoka katika shina. Jambo hili ukimweleza mtu kwa mdomo mara tatu bado atauliza ni nyuzi gani. Ukimwonyesha kwa video mara moja, amekwisha kujua. Lakini ni lazima nyuzi zionekane! Katika kioo hafifu, chenye giza, glasi yote ni ukungu mtupu. Basi hapo ndipo pa kupimia kishikwambi, wala si kwa rangi ya mfuniko wake.

Sasa nieleze habari ya kioo kwa kirefu kidogo, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kioo hupimwa kwa inchi kutoka pembe moja hadi pembe ya pili iliyo mkabala, si kwa upana. Karatasi ya afisi ina upana wa sentimita 21. Nilichukua rula nikapima vishikwambi vya wakulima waliokuja afisini. Kile cha inchi 7 kina kioo cha upana wa sentimita 9 tu, na ukurasa mzima ukitiwa humo herufi hupungua hata chini ya nusu ya ukubwa wake. Cha inchi 8 kina sentimita 11 kasoro kidogo, na herufi huwa nusu. Cha inchi 10 kina sentimita 13 na nusu hivi, na herufi hubaki karibu theluthi mbili. Kijana ataweza kusoma herufi nusu. Mzee wa miaka sitini, jioni, kwa taa ya sola, hawezi. Mtu aweza kuukuza ukurasa kwa vidole, ni kweli, lakini hapo husukuma huku na huku kila mstari, na akifika kwenye jedwali la mbolea hajui tena tarakimu hii ni ya safu gani.

Tena kioo kina vitone vya nuru, na hesabu yake huandikwa sandukuni. Vile vya bei ya chini kabisa huandikwa 1024 kwa 600. Maana yake ukurasa uliosimama una vitone 600 tu vya kuchorea mstari mzima wa maandishi, na herufi hukwaruzika. Kwa maoni yangu mkulima asishuke chini ya 1280 kwa 800. Akipata 1920 kwa 1200 ni vizuri zaidi, lakini asijinyime mbegu kwa ajili hiyo.

Msimu mmoja jirani yangu alibishana na dalali wa viazi shambani. Kanuni za Viazi za mwaka 2019 zasema gunia lisizidi kilo 50, na dalali yule alitaka lumbesa. Jirani alikuwa nazo kanuni hizo katika simu yake; mimi mwenyewe nilimtumia. Akafungua, akatafuta, akasukuma juu na chini, herufi kama mchwa. Lori linanguruma, wachukuzi wamesimama. Mahali penyewe hapakuonekana, akauza. Sisemi kwamba kioo kikubwa kingemshinda dalali. Nasema kwamba mtu mwenye haki yake mfukoni asiyeweza kuisoma ni sawa na aliyeiacha kabatini mwa afisi.

Sasa nije kwenye sanduku. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilinunua kishikwambi katika kibanda cha mji mmoja, kwa bei ya mbuzi mmoja mzuri. Sanduku lilisema RAM ni gigabaiti 12 na ghala lake ni gigabaiti 512. Nilifurahi sana, nikajiona mwerevu kuliko wenzangu. Nikatia video za mafunzo moja baada ya nyingine. Zilipofika kama gigabaiti 14, zile nilizotia baadaye zilifunguka zikiwa nyeusi tu. Nikatazama katika mipangilio ya kifaa: kikasema bado kina nafasi tele. Kumbe hata mipangilio ilikuwa imefundishwa kusema uongo. Niliporudi kibandani nilimkuta mtu mwingine akiuza viatu.

Basi yafaa mjue maana ya maneno hayo mawili. RAM ni kama meza ya kazi, na ghala ni kama stoo. Stoo kubwa haisaidii kama meza ni ndogo, kwa maana kila faili ni lazima iletwe mezani ndipo isomwe. Kwa video na karatasi, RAM ya gigabaiti 3 au 4 na ghala la gigabaiti 32 au 64 vyatosha, hasa kama kuna tundu la kadi ndogo ya kumbukumbu. Kifaa cha RAM ya gigabaiti 2 hufanya kazi kwa pole, nacho hutumia Android nyepesi iitwayo Go. Mkiona sanduku limeandikwa "8", halafu kwa herufi ndogo "4 + 4", fahamuni kwamba meza ni ya 4. Ile 4 nyingine ni kipande cha stoo kilichokopwa. Na mkiambiwa RAM ya 12 kwa bei ya mbuzi, ondokeni.

Dukani msiulize maswali mengi. Fanyeni kazi ile ile mtakayoifanya nyumbani. Nendeni na kadi ya kumbukumbu yenye video moja na karatasi moja ya PDF yenye kurasa nyingi. Fungueni ile PDF, mpitishe kurasa kwa haraka. Kama zachelewa na kubaki nyeupe, ndivyo zitakavyokuwa kila siku. Chezesheni video, kisha mtoke nje ya mlango, mtazame chini ya jua. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Halafu ingieni Play Store, katika mipangilio yake, pana mahali pasemapo kama kifaa kimethibitishwa. Kisipothibitishwa, acheni. Ulizeni pia toleo la Android, maana programu huviacha vifaa vya kale nyuma. Tangu tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika Android 4.4, na wakulima wawili walikuja afisini wakidhani nimewafungia.

Wengine huletewa kifaa na watoto walio ng'ambo. Ni zawadi njema, lakini Fire ya Amazon, iuzwayo rahisi Marekani, haiji na Play Store bali ina duka lake lenyewe, na mtu aliyezoea Android ya hapa hutatizika. Video na PDF kutoka kwenye kadi itachezesha bila taabu. iPad ya zamani nayo huonekana nzuri kwa nje, lakini ile iPad mini ya kwanza iliishia iOS 9 na programu nyingi mpya zaikataa.

Habari ya kamera sina la kusema. Habari ya laini ya simu nasema kwa kifupi: kama nyumbani kuna simu moja ya kisasa, kishikwambi cha Wi-Fi peke yake chatosha, maana simu yaweza kukigawia mtandao, na bei yake kwa kawaida ni pungufu. Betri isiwe chini ya mAh 5,000. Betri kama hiyo, kwa paneli ya sola ya wati 10, yahitaji saa tatu hivi za jua kali ili ijae; lakini Julai huku kwetu, ukungu ukitanda, yaweza kuwa siku nzima. Chagueni chenye tundu la chaji la USB-C, ambalo waya wake huingia upande wowote. Lile la zamani hulegea mapema kwa mikono yenye haraka.

Jambo liniudhilo zaidi ni malipo ya kila siku. Tuseme kifaa ni shilingi 14,000 kwa fedha taslimu. Mtu aambiwa: toa 3,000 leo, kisha shilingi 60 kila siku kwa mwaka mmoja. Shilingi 60 ni nini? Ni kitu kidogo! Lakini 60 mara 365 ni 21,900, na ukiongeza 3,000 ni 24,900. Mkulima amelipa shilingi 10,900 zaidi. Na tena fedha zetu haziji kila siku. Maziwa hulipwa na chama cha ushirika mwisho wa mwezi, na viazi hulipwa vikivunwa. Siku isipolipwa kifaa hujifunga, na mara nyingi hujifunga katikati ya msimu, wakati ule ule wa kukihitaji. Ninajua kwamba kwa mwenye duka mjini, apataye kila siku, mpango huo waweza kufaa. Kwa mtu wa skimu naona ni mzigo.

Shauri langu ni jingine. Majirani watatu au wanne wanaotumia dipu moja au njia moja ya maziwa wachangie, wanunue kimoja kizuri cha inchi 10, kikae kwa yule mwenye meza na sola. Najua mtasema vitu vya shirika huleta ugomvi. Huleta, ndiyo. Andikeni katika daftari nani alitoa kiasi gani na nani hukitumia siku gani. Kuhusu kukiendesha msiogope: tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi, watoto wengi wamevizoea, nao watawafundisha wazazi bila ada, ingawa kwa kujivuna kidogo.

Na msichomeke mtandaoni kutwa mkala bando. Access Agriculture hutoa video za ukulima za kupakua bure, nyingine zikiwa kwa Kiswahili, na KALRO nao wana vitabu vya mafunzo ya mazao na mifugo. Vikiisha kutiwa katika kadi, vyatazamwa hata pasipo mtandao, mara mia kama mtu apenda.

Mwenye kifaa tayari na akilete afisini asubuhi, siku isiyo ya soko, kikiwa na chaji, pamoja na kadi tupu ya gigabaiti 32. Nitamtilia zile Kanuni za Viazi na video ya glasi ya maji, naye azifungue palepale mbele yangu kabla ya kwenda. Miwani pia msiisahau nyumbani.